Je, Saratani ya Ubongo Yaweza Kuuawa kwa Njaa?

*Mada iliyowasilishwa katika mkutano wa wananchi wa Wilaya za Mbinga na Nyasa, Mkoa wa Ruvuma*



 Tulikusudia kuzungumza juu ya dawa bandia kwa ujumla. Tumebadili mada kwa sababu ya mama mmoja aliyetufuata Mbinga mjini baada ya mkutano wetu uliopita. Alisubiri watu watawanyike, kisha akatoa kopo jeupe ndani ya kitenge, akasema, "Wanangu, hili nimeuziwa. Niambieni kama ndilo au silo."

Mama huyo ameturuhusu tusimulie habari zake bila kutaja jina. Mwanawe alifanyiwa upasuaji wa uvimbe wa ubongo jijini Dar es Salaam. Madaktari walieleza kuwa uvimbe ule ni wa aina kali, wakampangia tarehe ya kurudi kwa tiba ya mionzi. Aliporejea nyumbani kujiandaa, akaja muuzaji na kopo lile. Alieleza kwamba saratani hula sukari, na kwamba unga uliomo humo hukata chakula cha saratani ikafa kwa njaa. Alisema pia kwamba mionzi huuamsha uvimbe, na kwamba mgonjwa asile ugali, wali, muhogo wala ndizi. Familia ilitoa fedha za kahawa ya msimu mzima. Tulipokutana na mama huyo, mwanawe alikuwa wiki ya tatu bila ugali, hawezi kusimama peke yake, na tarehe ya mionzi ilikuwa imebaki siku chache.

Tungeweza kumjibu kwa neno moja tu, kwamba huo ni uongo. Lakini jibu hilo lisingekuwa kamili, kwa maana maneno ya muuzaji yule yana nusu ya ukweli ndani yake, na uongo uliochanganywa na ukweli ndio unaokamata watu wenye akili zao. Leo tunaomba tuzitenganishe nusu hizo mbili mbele yenu.

Uvimbe wenyewe

Uvimbe wa ubongo si ugonjwa mmoja. Madaktari huupanga katika madaraja, kuanzia la 1, ambalo hukua polepole, hadi la 4, ambalo hukua kwa kasi. Ulio mkali zaidi miongoni mwa ule unaoanzia kwenye ubongo wenyewe kwa watu wazima huitwa glioblastoma. Hauambukizi, wala hautokani na jicho baya la jirani. Ugumu wake ni kwamba hauna mpaka ulio wazi. Daktari wa upasuaji huondoa anachokiona, lakini seli zake hubaki zimejipenyeza katika ubongo ulio mzima, mfano wa mizizi ya ukoka katika udongo.

Tiba inayotumika sasa ilithibitishwa kwa utafiti uliotangazwa mwaka 2005, uliohusisha wagonjwa 573 katika nchi za Ulaya na Kanada. Baada ya upasuaji, mgonjwa hupewa mionzi kwa muda wa wiki 6, pamoja na vidonge vya temozolomidi. Waliopata mionzi peke yake, nusu yao waliishi zaidi ya miezi 12. Waliopata mionzi na vidonge, nusu yao waliishi zaidi ya miezi 14. Baada ya miaka 2, katika kila watu 100 waliopata tiba zote mbili, 26 walikuwa hai. Kwa waliopata mionzi peke yake walikuwa 10.

Takwimu hizi ni nzito kuzisema mbele ya watu ambao huenda wana mgonjwa nyumbani. Tunazisema kwa sababu mtu asiyezijua huuziwa matumaini kwa bei yoyote. Tena zisomeni vizuri: tiba ya hospitali haiahidi kuponya, lakini hutoa muda, na kwa wachache hutoa miaka. Muuzaji anayemzuia mgonjwa kwenda kwenye mionzi anamnyang'anya muda huo.

Nusu iliyo kweli

Katika miaka ya 1920, mwanasayansi Mjerumani aitwaye Otto Warburg aligundua kwamba seli nyingi za saratani hutumia sukari kwa wingi kuliko seli za kawaida, na huichachusha hata pale ambapo hewa ya oksijeni ipo ya kutosha. Jambo hilo ni kweli, na baadhi ya mashine za kupiga picha za saratani hutegemea ukweli huo. Wauzaji hupenda kuongeza kwamba Warburg alipewa Tuzo ya Nobel kwa kugundua chanzo cha saratani. Hapo wanakosea. Tuzo yake ya mwaka 1931 ilihusu kimeng'enya kinachowezesha seli kupumua.

Ni kweli pia kwamba saratani yaweza kunyimwa kitu inachokihitaji, ikafa. Ushahidi wa jambo hilo umo humu humu Afrika Mashariki. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi katika Hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kutoka Uganda kupitia Kenya, Tanganyika na Nyasaland hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Waliona kwamba uvimbe ule ulikuwapo kwenye mabonde na pwani zenye joto, na ulikosekana kwenye nyanda za juu zenye baridi. Katika miaka iliyofuata, baadhi ya watoto hao walitibiwa kwa dawa iitwayo methotreksati, ambayo huizuia seli kutumia foleti, vitamini inayohitajika ili seli igawanyike. Wapo watoto waliopona.

Siku hizi watafiti wanatafuta njia ya namna hiyo kwa uvimbe wa ubongo. Mwezi Agosti 2024 Marekani iliidhinisha kidonge kiitwacho vorasidenibu. Hakiui seli kwa sumu. Hukizuia kimeng'enya kimoja chenye kasoro ambacho huharibu mwenendo wa chakula ndani ya seli. Katika utafiti wa wagonjwa 331, waliokitumia walikaa miezi 27 hivi kabla ya uvimbe kukua tena, na wasiokitumia walikaa miezi 11. Lakini angalieni mipaka yake. Kimeidhinishwa kwa uvimbe wa daraja la 2 wenye kasoro hiyo maalumu, nayo hujulikana kwa kipimo cha maabara tu. Glioblastoma haina kasoro hiyo, kwa hiyo kidonge hicho si dawa yake.

Basi, kuinyima saratani chakula si ndoto ya wajinga. Ni elimu ya kweli, inayosonga mbele kwa hatua ndogo: dawa moja, kwa kasoro moja, kwa dozi iliyopimwa, kwa mgonjwa aliyechunguzwa.

Nusu iliyo uongo

*Kwanza, kumnyima mgonjwa ugali.* Wakulima wa ngoro mnalielewa hili kuliko sisi. Magugu na mahindi hunywa maji yaleyale. Ukilinyima shamba zima maji ili magugu yafe, yatakayotangulia kufa ni mahindi. Ubongo ni sehemu ndogo, kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yote. Mtu asipokula wanga, ini lake hutengeneza sukari na kuitia kwenye damu, ili ubongo usizimike. Sukari hiyo huufikia uvimbe pia. Tena seli za glioblastoma ni zenye hila: zikikosa sukari, zaweza kutumia mafuta na virutubisho vingine. Anayekonda ni mgonjwa, na mgonjwa aliyedhoofika hushindwa kuimaliza tiba.

Upo mlo wenye mafuta mengi na wanga kidogo, uitwao mlo wa ketojeni, ambao umetumika tangu miaka ya 1920 kutuliza kifafa kwa baadhi ya watoto. Watafiti wameujaribu kwa wagonjwa wa uvimbe wa ubongo, katika tafiti ndogo, chini ya uangalizi wa madaktari na wataalamu wa lishe. Tafiti hizo hazijaonyesha kwamba mlo huo unaponya. Kumkataza mgonjwa ugali bila kumpa kingine si mlo wa ketojeni, ni njaa.

*Pili, unga wa kwenye kopo.* Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walitangaza kwamba kemikali iitwayo dikloroasetati, au DCA, ilipunguza uvimbe kwa panya kwa kubadili namna seli zinavyotumia sukari. Habari zilienea duniani. Mwaka 2010 watafiti haohao walieleza matokeo kwa wagonjwa 5 wa glioblastoma. Watano ni wachache mno kuthibitisha tiba, na dawa hiyo ikizidi huharibu neva za miguu na mikono. Lakini biashara haikusubiri utafiti. Mtu mmoja aliuza unga kupitia intaneti kwa wagonjwa wa saratani wa nchi kadhaa, akidai ni DCA. Mwaka 2010 mahakama ya Marekani ilimhukumu kifungo cha miezi 33. Unga wake ulipopimwa ulikutwa ni wanga na aina za sukari. Waliodhani wanainyima saratani sukari walikuwa wameuziwa sukari.

*Tatu, majani ya mstafeli.* Tumesikia kuwa yanachemshwa na kunywewa kila siku, kwa imani kwamba huua seli za saratani. Tunda la stafeli lililiwa na wazee wetu, nasi hatuwatishi mnaolila kwa kiasi. Lakini katika kisiwa cha Guadeloupe, mwaka 1999, madaktari walitangaza kwamba wagonjwa wengi wenye maradhi ya kutetemeka na kukakamaa yanayofanana na Parkinson walikuwa watumiaji wa muda mrefu wa matunda na chai ya majani ya jamii hiyo ya miti. Mmea huo una kemikali ambayo katika maabara huua seli za ubongo. Kumnywesha chai hiyo kila siku mtu ambaye ubongo wake tayari unaumwa ni kumwongezea mzigo.

*Nne, kuacha dawa za hospitali.* Wagonjwa wengi wa uvimbe wa ubongo hupewa deksamethasoni, vidonge vinavyopunguza maji yanayojaa kuuzunguka uvimbe. Dawa hii hupandisha sukari ya damu, na wauzaji huitumia hoja hiyo kuwashawishi watu waiache. Mgonjwa aliyeitumia kwa muda asiiache ghafla. Kichwa chaweza kuvimba tena, na mwili uliozoea dawa hiyo waweza kulegea kiasi cha kuhatarisha maisha. Hupunguzwa kidogo kidogo kwa maelekezo ya daktari.

Wengi wetu tunaukumbuka mwaka 2011, watu walipomiminika kijijini Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500 kwa Mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila. Hatumkebehi marehemu, wala imani ya mtu. Bei yake haikumfilisi mtu. Hasara ilikuwa kwa wagonjwa waliotoka wodini au walioacha dozi zao ili wawahi foleni. Katika tiba isiyothibitishwa, fedha huwa hasara ya pili. Ya kwanza ni siku zinazopotea.

Si kila kifafa ni uvimbe

Ndugu wananchi, jambo hili linawahusu ninyi kuliko wakazi wa sehemu nyingine nyingi. Dalili za uvimbe wa ubongo ni maumivu ya kichwa yanayozidi siku hadi siku, kutapika asubuhi, udhaifu wa upande mmoja wa mwili, kubadilika tabia au usemi, na kifafa kinachomwanza mtu mzima kwa mara ya kwanza. Lakini katika maeneo yanayofuga nguruwe kama haya yetu, kifafa cha namna hiyo chaweza kusababishwa na mayai ya tegu wa nguruwe, ambayo huingia mwilini kwa uchafu wa kinyesi, na viluwiluwi wake wakajikita kwenye ubongo. Hiyo si saratani, na ina tiba yake.

Mtu hawezi kuzitofautisha hali hizo kwa macho, wala kwa maneno ya mganga wa kienyeji, wala kwa mashine ndogo ya kushika mkononi inayozungushwa vijijini ikidaiwa kusoma magonjwa yote. Huhitajika picha ya CT au ya MRI, na mara nyingi kipande cha uvimbe kipimwe maabara. Kwa hiyo anzeni kwenye zahanati au kituo chenu cha afya, muombe rufaa ya kwenda hospitali ya wilaya, na kutoka huko hospitali ya rufaa ya mkoa, Songea. Upasuaji wa ubongo hufanyika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, na mionzi hutolewa Taasisi ya Saratani Ocean Road, zote za Dar es Salaam. Twafahamu kuwa safari ya kutoka Lituhi, Liuli au Mbamba Bay hadi huko ni ndefu na ina gharama. Asiyejiweza aulize ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kuhusu msamaha wa gharama, na aulize mapema, kabla hajauza shamba.

Maswali matano kabla ya kutoa fedha

Mkoa wa Ruvuma una heshima yake katika habari za dawa. Ndiko ulikoanzia, mwaka 2003, mpango wa maduka ya dawa muhimu ambao baadaye ulienea nchi nzima. Mmezoea kuuliza kibali cha duka. Tunawaomba mwulize hivyohivyo juu ya dawa yenyewe.

1. Je, imesajiliwa? Dawa za kisasa husajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Waganga wa tiba asili na dawa zao husajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Asiyeweza kuonyesha usajili wowote, mwacheni aende zake.

2. Je, kopo linataja kilichomo, kiasi chake, mtengenezaji na tarehe ya mwisho wa matumizi? Kopo la mama yule halikutaja hata kimoja.

3. Je, inadaiwa kutibu saratani, kisukari, presha na nguvu za kiume kwa pamoja? Hayo ni maradhi yenye vyanzo tofauti. Dawa ya yote kwa kawaida si dawa ya lolote.

4. Je, muuzaji anakutaka uache tiba ya hospitali? Hapo mazungumzo yaishe.

5. Je, anasema ni dawa ya utafiti? Utafiti halali wa dawa kwa binadamu huwa na kibali cha Mamlaka na kibali cha maadili. Mgonjwa huelezwa madhara, husaini ridhaa yake, na ana haki ya kujitoa. Hautembezwi mnadani kwenye kopo.

Mkiona bidhaa ya namna hiyo, msiitupe. Itunzeni pamoja na risiti, na mtoe taarifa kwa mfamasia wa wilaya au kwa mganga mfawidhi wa kituo kilicho karibu. Aliyekwisha kuitumia amweleze daktari wake bila haya, kwa maana daktari asiyejua mgonjwa amekunywa nini hutibu gizani. Haulizwi ili alaumiwe.

Kwa mama wa kopo

Mlitaka kujua tulimjibu nini. Tulimwambia, "Mama, silo." Tulimwambia pia kwamba kudanganywa kwake si ujinga, kwa sababu aliyemdanganya aliokota jambo la kweli la maabara akalivika uongo. Alikaa kimya, kisha akauliza swali moja tu: "Basi naweza kumpikia?" Tulipiga simu hospitali mbele yake. Daktari alisema ndiyo, ale ugali na usipa, ale kile anachoweza kukimeza, na aje kwa tarehe yake.

Alikwenda. Hakuahidiwa kupona, wala nasi hatukumwahidi. Aliahidiwa tiba inayojulikana faida yake na madhara yake, na watu watakaomweleza ukweli kila hatua. Fedha za kahawa hazijarudi. Kopo liko mikononi mwetu, na shauri lake linaendelea.

Ndugu wananchi, huenda siku moja elimu hii ya kuinyima saratani chakula ikazaa dawa ya glioblastoma. Ikizaa, itapitia vipimo, itasajiliwa, na mtaisikia kwa madaktari wenu. Hadi siku hiyo, msikubali mgonjwa wenu ashinde njaa kwa neno la mtu mwenye kopo.